Mrejesho: maksi za hesabu za mdogo wangu

Wakuu, niliuliza kwa nini mdogo wangu wa Kidato cha Pili, hapa Tanga, anakatwa maksi na jibu liko sahihi. Mlisema niangalie anavyotumia alama ya sawasawa (=). Ni kweli kabisa.

Swali la machungwa ya Muheza, 5 na mengine 3, kila moja shilingi 200, aliandika: 5 + 3 = 8 × 200 = 1,600. Usome mstari huo wote: unadai 5 + 3 ni 1,600! Sasa kila hatua ina mstari wake. Kilichomwingia zaidi ni habari ya Robert Recorde, mwanahisabati aliyeleta alama hiyo ya = mwaka 1557: alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa kuwa hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo.

Kwenye −2x < 6 alikuwa anagawa kwa −2 bila kugeuza alama ya "ndogo kuliko" iwe "kubwa kuliko". Siku hizi anapata x > −3, kisha anajaribu kuweka 0 mahali pa x kuhakiki jibu. Uliyeshauri kujaribu namba, Mungu akubariki sana.

Bado anaandika 1 < x > 3 akimaanisha 1 < x < 3, yaani x iko kati ya 1 na 3. Tunaendelea nalo.