Kuinua matiti au kuyapunguza: nichague upasuaji upi?

Mwalimu wa Tudor

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, nina umri wa miaka 36 na watoto wawili, na huyu mdogo nilimwachisha ziwa mwaka jana. Matiti yangu yamekuwa makubwa tangu nivunje ungo, lakini baada ya uzazi wa pili yameteremka hata chuchu zinaelekea chini. Msimu wa kaskazi, joto linapopanda na jasho halikauki, ngozi iliyo chini ya matiti hutoka harara na wakati mwingine huchubuka. Jioni ninapovua sidiria huona mikanda imeacha mifereji mabegani, na siku za kusimama ubaoni kutwa nzima shingo na mgongo wa juu huniuma mpaka nikashindwa kusahihisha madaftari.

Daktari mmoja alinizungumzia upasuaji wa kuinua matiti, ilhali shoga yangu anashikilia kwamba ninachohitaji ni kuyapunguza. Mume wangu hana kipingamizi. Mama mkwe ndiye anayeona kwamba yote mawili ni urembo tu, na kwamba mwili alioumba Mungu haufai kuchezewa. Naomba anayejua anieleze tofauti ya upasuaji huu na ule, na iwapo ni busara kuufanya ilhali bado natamani mtoto mmoja zaidi.

Muuguzi wa Upasuaji

Wa alaykum salaam, dadangu. Tofauti iko katika kile kinachotolewa. Anayeinuliwa matiti hukatwa ngozi iliyolegea, nyama ya titi ikapangwa upya na chuchu ikapandishwa, lakini uzito hubaki karibu uleule. Anayepunguziwa huondolewa ngozi pamoja na sehemu ya tezi na mafuta, kisha kinachobaki hupangwa na chuchu hupandishwa vilevile. Kwa hiyo kila anayepunguziwa huwa ameinuliwa pia, ila anayeinuliwa hajapunguziwa. Wanawake wengi huja kwetu wakidhani ni lazima wachague kati ya umbo na wepesi, au walipie operesheni mbili, kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo hili mapema.

Harara, mifereji ya mabegani na maumivu ya shingo ni malalamiko ya uzito. Ukiinuliwa tu, utapata umbo zuri lakini mabega yataendelea kubeba mzigo uleule, na mzigo huo huo utaivuta ngozi chini tena. Kabla ya kumwona daktari, vaa sidiria inayokukaa barabara, yenye mikanda mipana, kisha jitazame kwenye kioo. Anayeridhika na ukubwa wake akiwa ndani ya sidiria, akasikitishwa na mteremko anapoivua tu, huyo kwa kawaida ni wa kuinuliwa. Anayejiona mzito hata ndani ya sidiria nzuri ni wa kupunguziwa, na kwa maelezo yako sioni jinsi daktari wako alivyoanzia kwenye kuinua.

Usichague kwa kuogopa makovu, kwani upasuaji wote wawili huyaacha kwa namna inayofanana: moja kuzunguka duara jeusi la chuchu, jingine wima hadi chini, na mara nyingi la tatu kufuata mkunjo wa titi, hata yote pamoja yakawa na umbo la nanga. Hukomaa na kufifia kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ikiwa ulipotoga masikio au ulipochanjwa kovu lilivimba likawa gumu, mwambie daktari mara ya kwanza mnapoonana, kwa kuwa keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi kama sisi.

Kuhusu mtoto wa tatu, ningekushauri umzae kwanza kama unamtaka karibuni, usubiri angalau miezi sita baada ya kumwachisha ziwa, ndipo uende. Mimba huyavimbisha matiti na kuitanua ngozi upya. Isitoshe, kupunguza hukata baadhi ya mirija ya maziwa. Chuchu inapobaki imeshikana na nyama yenye mishipa yake, wengi huweza kunyonyesha, japo maziwa huenda yasitoshe. Katika matiti makubwa mno, daktari huweza kuitoa chuchu kabisa na kuipandikiza juu, na hapo kunyonyesha kunakwisha na hisia hupotea. Uliza ni njia gani itakayotumika kabla hujatia sahihi.

Mama wa Likoni

Mimi nilipunguziwa Nairobi, nikiwa nimekwisha kuzaa. Maumivu ya shingo yalipungua kabla hata nyuzi hazijatolewa. Kwa upande mwingine, ganzi ya chuchu moja haijaondoka, na pale mshono wa wima ulipokutana na ule wa chini kidonda kilichelewa kufunga, jambo ambalo daktari alikuwa amenitahadharisha. Nyama waliyoitoa ilipelekwa maabara kuchunguzwa, na kabla ya operesheni nilipigwa eksirei ya matiti kwa sababu nilikuwa nimepita miaka 40.

Nataka ufikirie zaidi wiki zinazofuata. Kwa mwezi mmoja hadi mwezi na nusu hutakiwi kunyanyua kitu kizito, na kwetu sisi tunaonunua maji ya mkokoteni hilo si jambo dogo: ni nani atakayeingiza mitungi ndani? Mtoto wako mdogo akilia atataka kubebwa. Utalala chali, utavaa sidiria isiyo na waya usiku na mchana, na utaepuka msongamano. Niamini kwamba kivuko cha Likoni saa ya watu kutoka kazini si mahali pa mwenye mshono kifuani. Panga upasuaji uangukie likizo ndefu ya shule, na ukiweza usiuweke kwenye kaskazi, kwa maana jasho chini ya bendeji ni adhabu.

Bint wa Mwembe Tayari

Kuhusu mama mkwe, mpeleke pamoja nawe kwa sheikh mnayemwamini, mkiwa na barua ya daktari inayotaja maumivu na michubuko. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililijadili suala la upasuaji wa aina hii katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, likatenganisha upasuaji wa kuondoa madhara na ule wa kujipamba tu. Atakayeona mabega yako hatasema unajipamba.

Mwalimu wa Tudor

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba swali langu lilikuwa la uzito tangu mwanzo. Limebaki la gharama: je, bima hukubali?

Muuguzi wa Upasuaji

Kuinua huhesabiwa kuwa urembo, basi mara nyingi utajilipia. Kupunguza kunaweza kukubaliwa pale inapothibitika kuwa ni tiba, ingawa kila kampuni ina masharti yake, na idhini huombwa kabla ya upasuaji. Anza kukusanya ushahidi sasa: nenda kliniki kila harara inapochubuka ili iandikwe kwenye faili, na upate barua ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuhusu mgongo.

Jina la daktari utakayempata litafute kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini Kenya, iliyo mtandaoni, uone kama amesajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa plastiki, kwa sababu bango la kliniki ya urembo huandikwa na yeyote. Kama unavuta shisha, hata harusini, acha angalau mwezi mmoja kabla, kwani moshi hubana mishipa ya damu na chuchu huweza kufa. Amana usilipe mpaka idhini ya bima ifike kwa maandishi.