Nimepata kazi ya kuelimisha afya vijiji vya ziwani Uvinza. Niipokee?

Kijana_Kasulu:
Habari zenu wakuu. Nina stashahada ya afya ya mazingira, niko nyumbani tangu nihitimu. Sasa shirika moja limenipa mkataba wa mwaka mmoja kuelimisha jamii juu ya kipindupindu na malaria, vijiji vya mwambao wa Uvinza. Wenzangu wanasema hiyo si kazi, ni kushinda juani na kipaza sauti, bora nisubiri ajira za halmashauri. Aliyewahi kuifanya huku Kigoma anisaidie.

Mama_Katonga:
Mdogo wangu, ipokee. Mimi nilianza kwa kujitolea, na kilichonifunza kazi ni Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, Mei 2015. Wakimbizi wa Burundi walijaa ule ufukwe kwa makumi ya maelfu, mlima nyuma, ziwa mbele, maji ya kunywa ni ya ziwa hilohilo. Kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawatoa kuwaleta mjini. Vipeperushi vya Kiswahili tulikuwa navyo, lakini kilichotuokoa ni Kiha, maana Muha na Mrundi wanasikilizana. Pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, zikipungua tulikaa na kina mama tukakoroga pamoja: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama akishakoroga kwa mkono wake, kesho unamkuta anamwelekeza jirani.

Huko Uvinza fuata mwezi wa angani, usifuate ratiba ya ofisi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, mchana wamelala. Ukiitisha mkutano saa nne asubuhi utaongea na wazee na watoto. Ngoja mbalamwezi: dagaa hawaifuati taa, boti ziko mwaloni, wanaume wanashona nyavu. Wafuate hapohapo. Kina mama waanika dagaa utawapata vichanjani.

Usianze na somo. Uliza maji wanachota wapi, choo kiko wapi, nani aliugua masika yaliyopita. Watakwambia mchanga unabomoa mashimo ya vyoo, na hapo anahitajika fundi na mtendaji wa kijiji, si hotuba nyingine. Watakwambia pia dawa ya kutibu maji inaondoa uzazi. Usicheke wala usikasirike. Mimi naitia kwenye ndoo mbele yao, tunasubiri nusu saa tukipiga soga, kisha nakunywa wa kwanza. Chandarua utakikuta kinavulia. Usimkemee mtu mbele ya wanawe, muulize usiku watoto wanalalia nini.

Mkataba utaisha, hilo lijue mapema. Ila mimi nilitoka kwenye kujitolea nikaenda chuo, leo naratibu elimu ya afya, na ugonjwa ukitajwa mwalo wowote najua nimpigie nani.

Mvuvi_Ilagala:
Dada kasema kweli. Naongeza: ukifika, muone kwanza mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, ndiye anayesikilizwa mwaloni. Na tafadhali njoo kabla ya ugonjwa. Watu wa afya wengi tunawaona kipindupindu kikishaua, kikitulia hawarudi. Hilo linatuuma sana.

Nzega_Kwetu:
Mimi niko Tabora, kazi ni ileile. Tangu 2024 Serikali ina mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa hiyo vijiji vingine utawakuta wenyeji wenye kazi hiyo. Tembea nao nyumba kwa nyumba. Na kabla ya kusaini soma vizuri: nauli ya boti, bima, jaketi la kuokolea.

Kijana_Kasulu:
Shikamoo dada, asanteni wote. Nimewauliza: nauli ipo, jaketi hakuna. Ninunue mwenyewe?

Mama_Katonga:
Marahaba. Usinunue, waandikie leo walete kabla hujasaini. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini ni mkali, na boti za abiria hujaza kupita kiasi. Wakikataa, njoo useme hapa, nitakuunganisha na wengine wanaotafuta watu.