Tabora hadi Kigoma kwa treni ya zamani: uliona nini, ulisimuliwa nini? Tupeane uzoefu

Mwana wa Stesheni (mwanzisha mada)

Wadau, shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Honi ya treni nimeisikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama, lakini safari yangu ya kwanza ya Kigoma kwa reli nimeifanya mwaka jana tu. Nilikuwa namsindikiza mjomba wangu, mstaafu wa reli, kwenda kuhani msiba wa mwenzake waliyefanya naye kazi kwenye njia. Nilitaka tupande basi. Mjomba akakataa katakata: "Mtu wa reli huzikwa na watu waliokuja kwa reli."

Tukakata tiketi daraja la pili kukaa. Kulala hakutaka, alitaka dirisha. Pale Tabora tulikaa sana, maana treni ikitoka Dar ndipo inapogawanywa: mabehewa ya Mwanza yanakatwa yapande kaskazini, ya Kigoma yanaendelea magharibi, na ya Mpanda yanakwenda nasi mpaka Kaliua ndipo yanachepuka. Mimi nilikuwa nalalamika kuchelewa. Mjomba alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, kila behewa likigongana na jingine anasema kimya kimya, "hilo limeshika… hilo bado."

Sasa hapo ndipo darasa lilipoanza. Akaniambia reli hii Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na Kigoma 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu. Akasema Wanyamwezi wengi waliochimba tuta lake walikuwa watoto wa wapagazi, watu waliobeba pembe na vitambaa vichwani kati ya Ujiji na Bagamoyo. Kwa hiyo walikuwa wanajenga kitu kilichowapumzisha baba zao mzigo, na kuwanyang'anya kazi hiyo hiyo. Nililitafakari hilo mpaka Usoke.

Urambo tulipita usiku. Mjomba akaniamsha, eti siwezi kulala kwa Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi. Mnakumbuka habari ya Stanley kumtafuta Livingstone? Mwaka 1871 alifika Tabora akakuta Mirambo yuko vitani na Waarabu na ameifunga njia ya Ujiji. Stanley alijiunga na vita hiyo, wakapigwa, ikambidi azunguke mbali kusini ndipo apande tena kwenda Ujiji. Treni yenyewe inapita moja kwa moja katikati ya nchi ile ile, na abiria wamelala, mikoba wameiweka miguuni.

Kulipopambazuka nikagundua jambo ambalo sijawahi kulisoma popote. Tabora wauza karanga na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) walitusalimia dirishani "Mwangaluka". Tulipolala na kuamka, mama mmoja akainua beseni lake la ndizi hadi usawa wa uso wangu akasema "Mwakeye!" Hakuna kibao kilichoniambia nimeingia kwa Waha. Ni ile salamu tu.

Nataka kukusanya habari za namna hii. SGR, reli mpya ya kisasa, inajengwa kipande hiki cha Tabora hadi Kigoma, na mimi naifurahia, lakini sidhani kama itasimama kila penye mwembe. Kama umewahi kupita njia hii, tuambie ulichokiona na ulichosimuliwa. Hata kama ni kidogo.

Mama Chumvi

Marahaba mwanangu. Mimi ni wa Uvinza, na kila siku nawaona mnapita mmelala!

Nimekua pale stesheni nikiuza mihogo ya kuchemsha na chumvi ya vifuko. Watu wengi wanadhani chumvi ya Uvinza ni habari ya mgodi. Mgodi ni wa juzi. Chumvi yetu inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, kule Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, na watu walikuwa wanaichemsha kwenye vyungu tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua vigae na mashimo ya majiko yao. Bibi yangu alisema zamani msimu wa kiangazi watu walikuja kutoka pande zote, wanajenga vibanda, wanachemsha, wanaondoka na mizigo kabla ya mvua, na mtawala wa Uvinza anachukua fungu lake.

Umemtaja Stanley. Huyo naye alipopita kwetu alitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, tena nzito, ndipo akavushwa Malagarasi. Alipofika kwa Waha akatozwa tena, mwisho akaamua kupita usiku kwa kunyata asidaiwe. Nikiwa mtoto nilikuwa nacheka nikisikia hivyo. Sasa nikifikiri naona ni haki kabisa: ukipita kwenye nchi ya mtu na mzigo wa biashara, unalipa.

Chumvi yetu ukiishika ina unyevunyevu, punje ni kubwa, ukiitia kwenye samaki mgebuka wa kukaanga huhitaji kiungo kingine. Mkipita nunueni.

Msafiri wa Gungu

Mimi nilipanda treni hii miaka ya themanini kwenda kusoma Tabora. Waranti ya serikali ya kusafiria mkononi, tranka la bati kichwani, na dumu la mawese ambalo mama alilifunga kwa nailoni tabaka tatu, na bado lilivuja likapaka shuka zangu rangi ya chungwa. Shuka hizo nilizitumia muhula mzima.

Wanafunzi tulijazana daraja la tatu. Wa Kigoma tulibeba dagaa, wa Urambo walibeba karanga, na wa Tabora mjini walikuja kutupokea na asali kwenye chupa. Kufika Tabora tumeshabadilishana vyote. Ladha ya dagaa mkavu na karanga mbichi, saa nane ya usiku, taa ya behewa imezimika, mpaka leo naijua.

Lakini kilichonibadilisha ni mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja. Aliniuliza nasoma wapi, nikamwambia Tabora, akaniambia: "Basi umekwenda kulikoamuliwa." Nikamuuliza kitu gani. Akanieleza mkutano wa TANU wa Januari 1958, pale Tabora, walipobishana kama waingie uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumpigia Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, au waususe. Nyerere akawashawishi waingie. Wakaingia, wakashinda. Mzee alisema wajumbe wengi walifika kwa treni na wakarudi kwa treni, na kwamba siku walipoondoka stesheni ilijaa watu kuliko sikukuu. Mwalimu mwenyewe alisoma Tabora na baadaye akafundisha huko huko St. Mary's. Nilisoma miaka minne mji ule, na somo la uraia la kwanza nilifundishwa kwenye benchi la daraja la tatu.

Kijana wa Isevya

Wakuu, mimi uzoefu wangu ni onyo. Nguruka samaki ni wa kumwaga, maana ni jirani na yale mabwawa na vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, mwaka 2000. Kambale wa kubanika wamepangwa kwenye ungo, wamekunjwa mkia mdomoni kama bangili. Nikashuka. Nikaanza kupatana bei. Honi ikalia, nikadhani ni ile ya kwanza.

Niliiona taa nyekundu ya behewa la mwisho inaondoka na begi langu.

Mama aliyekuwa ananiuzia samaki alinipeleka nyumbani kwake, nikalala siku mbili mpaka usafiri ulipopatikana. Kwenye hizo siku mbili mumewe alinipeleka kwenye mtumbwi nikaona wanavyotega, na nikaona ndege wengi kiasi kwamba wakiruka maji yanabaki kama yameoshwa. Begi nililikuta Kigoma, abiria mwenzangu alikuwa amelikabidhi stesheni na kila kitu kimo ndani. Yule mama bado tunapigiana simu. Kwa hiyo: usishuke bila kumwambia jirani yako, na samaki nunua kupitia dirishani.

Mwalimu wa Ujiji

Ahsante mwanzisha mada. Nafundisha historia, nami kila mwaka nawapeleka vijana wangu pale stesheni ya Kigoma kabla sijawapeleka makumbusho ya Livingstone. Jengo lile la Wajerumani liko mwisho wa Barabara ya Lumumba, unateremka mlima unalikuta limekukabili na ziwa liko nyuma yake. Nawaambia wageuze migongo kwa mji watazame bandari, kisha nawaambia habari ya Liemba.

Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Wakaifungua yote, wakaipakia kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hii hii hadi Kigoma, ikaungwa upya rivet kwa rivet. Ikaingia majini 1915. Julai 1916, wakikimbizwa na vita, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi walipaka mitambo mafuta mazito kwanza ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Walipoizamisha ni upande wa mdomo wa Malagarasi. Yaani mto ule ule treni inaouvuka. Vijana wangu nikiwaambia hivyo huwa wananyamaza, maana kwao Malagarasi ni daraja tu la kuvuka unapokwenda Tabora.

Na nyie wa Tabora msijisahau. Mwaka huo huo 1916, Wajerumani wamekatiwa njia ya bahari hawana fedha, walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli huko kwenu. Septemba Wabelgiji wakauteka mji. Sarafu zile leo wakusanyaji wanazitafuta dunia nzima, na sijawahi kukutana na kijana wa Tabora anayezijua.

Mwana wa Stesheni

Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao vijana. Nimepita mbele ya karakana maisha yangu yote.

Nimemsomea mjomba michango yenu yote jana jioni. Kwa Kijana wa Isevya alitikisa kichwa, akasema honi ya kwanza ni ya kuaga, ya pili ni ya kuondoka, na anayesubiri ya tatu hulala Nguruka. Habari ya mzee wa 1958 ilimnyamazisha kidogo. Akasema baba yake alikuwepo pale stesheni siku wajumbe walipoondoka. Miaka yote hiyo hakuwahi kunitajia.

Mama Chumvi, nimekata tiketi tena, safari hii naishia Uvinza. Nataka kuziona hizo chemchemi kwa macho.

Mama Chumvi

Karibu sana. Ukishuka usivuke reli, kaa upande wa jengo, ulizia wauza mihogo watakuleta kwangu. Njoo na viatu vya kukanyaga tope. Na mjomba wako mlete, nimuulize jambo moja: nilipokuwa msichana kulikuwa na mtu wa genge la reli aliyekuwa anatupungia kofia kila wakipita na kitoroli, kofia ya majani makavu. Kama ni yeye, ana deni la mihogo.