Liquid, Rootstock au Drivechain: mnyororo upi wa pembeni umefungwa vizuri kwa Bitcoin?

Nahodha_Tanga
Wakuu salaam. Kila ninayemuuliza kuhusu minyororo ya pembeni (mitandao inayokwenda kando ya Bitcoin ikitumia sarafu zake) ananisifia kasi na ada ndogo, usalama wa kiungo chenyewe haugusi. Msingi ni uleule tangu andiko la Adam Back na wenzake la 2014: sarafu hazihami. Zinafungwa kwenye mnyororo mkuu, upande wa pili zinatolewa za idadi ileile; ukitaka kurudi, za pembeni zinafutwa na za awali zinafunguliwa. Sasa nani ana uwezo wa kufungua?

Liquid ni shirikisho la taasisi: funguo za siri 15 za kusaini miamala, saini 11 zinatosha kufungua. Rootstock bloki zake (mafungu ya miamala) huchimbwa pamoja na za Bitcoin, ila sarafu zilizofungwa nazo ziko chini ya saini za wachache. Tofauti yake ni kwamba funguo zinakaa ndani ya vifaa maalumu vinavyokataa kusaini mpaka ombi la kutoa liwe limefunikwa na kazi ya kutosha ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazotengeneza bloki. Drivechain ya Paul Sztorc inaondoa shirikisho kabisa, wachimbaji wanapiga kura. Mimi naegemea Rootstock. Mnasemaje?

Fundi_Saini
Mkuu, usihesabu saini tu, uliza funguo ziko kwa nani. Ronin, mnyororo wa pembeni wa Ethereum uliojengwa kwa ajili ya mchezo wa Axie Infinity, ulihitaji saini 5 kati ya 9. Machi 2022 wezi waliingia kwenye mifumo ya Sky Mavis, kampuni ya mchezo huo, wakapata 4 kwa mpigo, maana zote zilikuwa za kampuni hiyo moja. Ya tano ilikuwa ya Axie DAO, jumuiya ya mchezo huo inayoamua kwa kura, ambayo iliwahi kuiruhusu Sky Mavis isaini kwa niaba yake, na ruhusa ile haikufutwa. ETH (sarafu ya Ethereum) 173,600 na USDC (sarafu iliyofungwa kwa thamani ya dola) milioni 25.5 zikaondoka kwa miamala miwili tu.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Wizi ulifanyika 23, ukagundulika 29, tena kwa sababu mtumiaji alishindwa kutoa ETH 5,000. Siku zote hizo hakuna aliyelinganisha zilizofungwa na zilizotolewa!

BintiMkoani
Ndiyo maana natetea Drivechain, kaka. Kutoa kunahitaji bloki 13,150 ziunge mkono, yaani kama miezi 3 kwa uchache. Watu wanalalamikia muda, ilhali muda huo ndio ulinzi, ombi la wizi linakaa hadharani kila mtu akilitazama. Mwenye haraka anabadilishana na mwenzake aliye tayari kusubiri.

Fundi_Saini
Likishaonekana, dada, nani atalizuia? Wachimbaji wenye zaidi ya nusu ya nguvu ya kuchimba wakikubaliana, wanachukua. Na Drivechain inahitaji kanuni za Bitcoin zenyewe zibadilishwe. Mjadala ni wa miaka na haijawashwa.

Mgeni_Kigamboni
Samahani wakuu, mimi mgeni. Kuingiza Bitcoin kwenye Liquid mbona nasubiri bloki 102? Ni kama saa 17!

BintiMkoani
Karibu ndugu. Bloki za karibuni za mnyororo mkuu zinaweza kupinduliwa, mlolongo mwingine ukachukua nafasi. Ukipewa sarafu za Liquid mapema halafu muamala wako wa kufunga ukapotea kwenye mapinduzi hayo, mkononi una sarafu zisizo na chochote nyuma yake, na hasara inawaangukia wote. Rootstock nao wanasubiri 100.

Nahodha_Tanga
Hoja ya tarehe imeniingia. Rootstock kutoka kunangoja bloki zake 4,000, zaidi ya siku nzima, kwa hiyo angalau kuna nafasi ya kushtuka. Nabaki nayo kwa fedha ya matumizi, akiba haitoki mnyororo mkuu. Fundi, hesabu ya zilizofungwa na zilizotolewa unaifanyaje mwenyewe?

Fundi_Saini
Endesha nodi mbili (programu zinazopokea na kukagua mnyororo), ya Bitcoin na ya Rootstock. Anwani ya shirikisho iko wazi, salio lake unalisoma kwenye ya kwanza. Ya pili inakupa zilizotolewa. Maombi ya kutoka yaliyo njiani yatafanya namba zipishane kidogo, usiogope. Pengo likizidi kukua bila ombi lolote kwenye foleni, piga kelele humu usiku huohuo.