Je, mtafiti wa tiba alazimishwe kutangaza umeme wa kompyuta zake?

Mtoa mada: Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa vituo vya data vilitumia TWh 415 hivi (TWh moja ni kWh bilioni moja) mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wa dunia. Utafiti wa jenomu (DNA yote ya kiumbe) na protini ni sehemu ndogo ya hapo, ila mwingi hulipiwa na umma. Napendekeza kila ombi la ufadhili lioneshe makadirio ya kWh. Wadau mnasemaje?

Mhandisi wa seva: Naunga mkono, na hesabu yenyewe si ngumu. Jumlisha wati za prosesa na za memori, zidisha kwa saa za kazi, kisha kwa PUE, yaani umeme wote wa jengo ukigawanywa kwa ule unaofika kwenye mitambo. Kikokotoo cha Green Algorithms kinaipa memori wati 0.3725 kwa kila GB, na hesabu ni ya memori iliyoombwa, hata isipotumika. Hapo ndipo umeme unapovujia. Mtu anaomba GB 64, programu inagusa 8. Kwa sampuli 500, kila moja saa 24, tofauti hiyo ni takriban kWh 250 kabla hujapoza chochote. Endesha sampuli 3 kwanza, soma kilele cha memori, ongeza asilimia 20, ndipo uachie zote.

Mtafiti wa jenomu: Napinga, ndugu. Namba ikishaingia kwenye fomu, mkaguzi ataigeuza kikomo, na cha kwanza kukatwa ni marudio ya uchambuzi, yale yanayofichua makosa. Halafu kwa nini seva tu? Friza ya nyuzi −80 ikipandishwa hadi −70 hupunguza umeme wake kwa karibu theluthi. Mbona hiyo haina fomu?

Mhandisi wa seva: Na friza ziingie. Kuhusu kikomo nakubaliana nawe, iwe tamko tu.

Mtunza data: Mnasahau kazi inayorudiwa bure. Tangu 2022 hifadhi ya AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri maumbo ya protini, ina miundo ya protini zaidi ya milioni 200, halafu mtu anawasha GPU (prosesa za hesabu nzito) kukokotoa iliyomo tayari! Kama hujabadilisha mfuatano wa protini, fomu ikuulize: umetafuta kwanza? Na BAM, yaani faili za vipande vya DNA vilivyosomwa, zigeuzwe CRAM, faili ndogo zaidi ambayo kwa mfuatano wa DNA huhifadhi tofauti tu dhidi ya jenomu rejea, ile ya kulinganishia. Tahadhari: rejea ikipotea, data haisomeki tena. Linganisha MD5 ya rejea (alama ya kuthibitisha kuwa faili ni ileile), hesabu vipande kwenye faili zote mbili, ndipo ufute BAM.

Mtafiti wa jenomu: Hilo la kutafuta kwanza nalipokea. Ila kWh ziandikwe mradi ukiisha, kutoka kwenye kumbukumbu za seva, si mwanzoni kwa kubahatisha.