ETI "HESABU ZA SERIKALI HAZIPIGWI KWA MWIKO"!!! Wana Tanga njooni hapa

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, saruji bado iko kwenye kucha, hata chai sijanywa. Simtaji mtu, mnamjua nyote, yule mheshimiwa mwenye kicheko cha redio mbovu. Leo kaja Makorora kuzindua choo. Narudia, CHOO. Matundu mawili, shule ya msingi.

Nimehesabu magari 14. Yaani kila tundu limesindikizwa na magari saba. Marehemu baba yangu alisindikizwa na baiskeli sita na tukasema watu wamejaa. Maturubai matatu, viti vimevishwa magauni meupe kama vinaolewa, MC, matarumbeta, na keki. Keki ya uzinduzi wa choo! Rangi yake msiniulize.

Kisha utepe. Mkasi umeletwa juu ya sinia, kibandiko cha bei bado kimeganda kwenye mpini. Akakata, akaingia, akafungua koki, maji yakatoka, makofi mpaka kunguru wakahama mwembe. Mimi nimesimama upande wa nyuma, namwona kijana juu ya ngazi anamimina ndoo kwenye simtanki, anahema kama kafukuzwa na nyuki. Bomba halijaunganishwa popote, limechomekwa kwenye udongo kama kijiti cha muhogo!

Nami ni fundi mwashi, mwaka wa 17 huu. Nikasoma kibao: shilingi milioni 38. Nikagusa lipu kwa kidole, mchanga ukamwagika. Saruji inapikwa hapo Pongwe, pua na mdomo, lakini ukuta ule umeonja saruji kwa kusimuliwa. Nikanyoosha mkono kwa adabu zote: "Shikamoo mheshimiwa, hizo milioni 38 ziko ukutani au zimefukiwa shimoni?"

Akanitazama ndara kwanza, akapanda na macho mpaka kwenye mwiko niliouchomeka kiunoni. Akacheka. Akasema kwenye maiki, mtaa mzima unasikia: "Fundi, kaa chini. Hesabu za serikali hazipigwi kwa mwiko."

Na watu wakapiga makofi! Jirani yangu, ninayemdai mifuko miwili ya saruji tangu Ramadhani, kapiga makofi kasimama!

Hazipigwi kwa mwiko. Zinapigwa kwa nini basi, kwa kisu cha keki? Au siku hizi kuuliza ndiyo mwiko? Nimerudi kwa baiskeli, kila nikikanyaga pedeli inaniambia hazipigwi, hazipigwi, hazipigwi. Nafika nyumbani, mtoto wa mwisho ananipokea mlangoni: "Baba, kaa chini."

Pweza Mkavu: Nimeweka kigoda mbele kabisa, kahawa na kashata mkononi. Endeleeni.

Tofali Bichi: Bila picha hii ni chai. Weka picha ya keki.

Sina Chama: Nilikuwepo, jamaa hajadanganya. Ila asichowaambia ni kwamba baada ya kukaa chini aliletewa pilau, akala, na nyingine akaomba afungiwe.

Fundi wa Makorora: Ndiyo nilikula! Kodi yangu ile! Nilikula kwa hasira!

Tofali Bichi: Hasira sahani ngapi?

Fundi wa Makorora: Mbili. Lakini hoja si pilau, hoja ni mwiko!

Mhasibu Mstaafu: Ndugu zangu, hasira tuweke pembeni. Miradi mingi ya shule siku hizi inakwenda kwa fosi akaunti. Kamati ya shule ndiyo inanunua vifaa na kutafuta fundi, kwa hiyo stakabadhi za saruji na nondo zinapaswa kuwepo hapo hapo shuleni. Fundi aende akaziulize huko, aache kuuliza kwenye shughuli.

Pweza Mkavu: Mzee umetuletea semina. Posho je?

Sina Chama: Stakabadhi! Kila mwezi wa nne ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatua bungeni, tunafoka wiki mbili, kisha watani wa jadi wanaingia uwanjani na kila mtu kasahau. Mwaka 2008 waziri aliulizwa dola zaidi ya milioni moja zilizokuwa nje ya nchi, akaziita vijisenti. Fundi, hizo 38 zako hata jina hazina.

Tofali Bichi: Alikuwepo rais mmoja, 2015 kafuta sherehe za Uhuru hela zikaenda kupanua barabara kule Dar, Morocco hadi Mwenge. Angeiona hiyo keki!

Sina Chama: Mwache apumzike, usianzishe vita vingine.

Bi Mwana wa Barabara ya 12: Mwanangu fundi pole, lakini wewe angalau umejibiwa. Sisi kina mama kumi tumeomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. 2023 tukaambiwa umesimamishwa. Uliporudi tukajaza fomu upya, picha mpya, muhtasari wa kikao mpya. Nimepigwa picha pasipoti nyingi kuliko bibi harusi. Hela sijaiona, na sufuria nililokopa la kukaangia mihogo mwenyewe kalichukua.

Kijana wa Mbegani: Tanga mnadeka. Nyie mna choo mnakigusa kwa kidole. Sisi Bagamoyo bandari ilisainiwa 2013, 2019 ikawekwa kando. Mjomba wangu alishajenga gesti ya mabaharia. Mpaka leo wanalala popo.

Pweza Mkavu: Popo wanalipa kwa usiku au kwa mwezi?

Sina Chama: Bagamoyo msituletee bandari ya kwenye karatasi. Yetu imechimbwa, meli zinafunga gatini, mambo ya kushusha kwa matishari tumeyaacha.

Kijana wa Mbegani: Bandari mnayo, wa kufanya kazi nani? Saa sita mchana mji mzima umelala.

Bi Mwana wa Barabara ya 12: Hee! Huyu nani kamfungulia mlango? Tanga waja leo waondoka leo, na wewe anza safari.

Fundi wa Makorora: Jamani, tulikuwa kwenye mwiko…

Bi Mwana wa Barabara ya 12: Kwani mwanangu wewe karo la choo unazibua? La kwangu limejaa tangu masika.

Fundi wa Makorora: Nazibua mama. Asubuhi nitapita.

Tofali Bichi: Mpigie hesabu kwa mwiko.

Pweza Mkavu: Samahani, nimechelewa kuuliza. Hapo kwenye choo, usiku ngoma ya baikoko ilipigwa?

Sina Chama: Mpaka saa nane. Matarumbeta yale yale.