Naombeni ushauri: nianze na cheti cha unesi au nisubiri diploma?

Binti Kijichi
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Mbagala na mama. Form four nilimaliza 2021, tangu hapo nipo kwenye duka la dawa huku huku Mbagala. Wateja wameniita nesi mpaka nimeamua niwe nesi kweli. Sasa nimekwama. Rafiki yangu anasema nianze na cheti, nipate kazi, diploma nijisomeshe mwenyewe baadaye. Mama anasema tusubiri hela ya diploma nimalize shughuli moja kwa moja. Usiku silali. Wanaojua soko la ajira wanisaidie, ila msinitukane jamani.

Karanga za Ubungo
Nakaa siti ya mbele. Karanga ninazo.

Baba Wawili
Mdogo wangu, unesi ni wito. Mke wangu alipopata uchungu wa mtoto wa pili tulifika hospitali saa tisa usiku. Nesi alikuwa na simu mkononi, kila nikimwita anasema "bado huyo, mpeleke akatembee". Ametembea mara mbili tu ukumbi mzima, mtoto huyu hapa. Nilimpokea kwa kanga. Kwa hiyo kabla hujauliza cheti au diploma, jiulize una moyo?

Karanga za Ubungo
Mkuu, kaulizia ada wewe unamletea leba.

Mwana Kimara
Binamu yangu yuko Marekani. Kule alianza LPN, yaani nesi wa ngazi ya chini, mafunzo kama mwaka hivi, akafanya mtihani wao wa leseni, NCLEX-PN, akawa anawahudumia wazee huku anasoma. Baadaye akapiga mtihani wa ngazi ya juu, NCLEX-RN, sasa ni RN, nesi kamili. Kwa hiyo njia ya kuanzia chini inalipa. Komaa.

Sindano Haiumi
Mambo ya Marekani tuwaachie wenyewe, kule utaratibu ni wa kwao. Mimi nilipita hiyo njia hapa hapa nchini, nikueleze.

Cheti cha uuguzi na ukunga ni miaka miwili, NTA 4 na NTA 5, yaani ngazi za elimu ya ufundi. Diploma ni mitatu, unaongeza NTA 6. Ukiwa na cheti, tangazo la ajira linakuita Muuguzi. Ukiwa na diploma ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Wenye digrii ndio Afisa Muuguzi. Kwenye wodi wote mnashika dripu ile ile na mnalala macho zamu ile ile, tofauti unaiona mwisho wa mwezi na siku ya kugawa vyeo. Mimi nilifanya kazi na cheti miaka minne ndipo nikarudi kumalizia NTA 6. Shida ni kurudi. Ukishaonja mshahara, ukishakuwa na mtoto, mwajiri naye hataki kukuachia ruhusa, shule inakuwa nzito. Tulioanza wote darasani kwetu, waliorudi nawahesabu kwa vidole.

Siku hizi wa diploma za afya wanaweza kuomba mkopo Bodi ya Mikopo, wakati wangu haukuwepo. Kama sifa unazo, mimi nasema nenda diploma. Matokeo yako yakoje?

Binti Kijichi
Asante dada, umenipa mwanga. Matokeo yapo vizuri tu. Ila mimi kwa kweli nimeegemea cheti, kwa sababu muda unakwenda. Vipi ajira za hospitali binafsi?

Sindano Haiumi
"Vizuri tu" siyo alama. Kemia, Biolojia, Fizikia. Taja.

Chumvi ya Mawe
Dada kaulizwa Fizikia, kaenda kuchota maji 😂

Binti Kijichi
Biolojia C, Kemia D, Kiswahili B, Jiografia D, Kiingereza D. Fizikia haikukaa vizuri.

Chumvi ya Mawe
Ilikaa wapi?

Binti Kijichi
F. Lakini chuo ninachokisema mimi hawaangalii Fizikia. Wameniambia unesi wa vitendo hauhitaji Fizikia.

Mama wa Zamu
Nilikuwa napita tu, sasa nimekaa. Mimi ni muuguzi mstaafu. Mwanangu, mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, wa uuguzi na ukunga unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake Kemia, Biolojia na Fizikia lazima. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza. Chuo gani cha uuguzi hakiangalii Fizikia? Na hiyo kozi ni ya muda gani?

Binti Kijichi
Shikamoo mama. Ni mwaka mmoja. Jina sitalitaja hapa. Lakini ni chuo kizuri, mwalimu ni daktari kabisa, na miezi mitatu ya mwisho tunaenda field hospitali.

Mama wa Zamu
Marahaba. "Tunaenda"?

Binti Kijichi
Nimeshaanza. Wiki ya tatu hii. Nimelipa laki nne na nusu, bado laki tatu. Na sare nimeshashona. Msinilaumu, nafasi zilikuwa zinaisha. Hela ni ya kikoba cha mama, yeye anajua bado nasubiri.

Karanga za Ubungo
Karanga zimeniganda kooni.

Baba Wawili
Kikoba cha mama! Binti zetu wa siku hizi. Mimi dada yangu mwaka 2014 alichukua hela ya kikoba akaenda kununua vitenge, hadi leo kina mama wa mtaa wakimuona wanavuka barabara.

Sindano Haiumi
Dada, hukuja kuuliza cheti au diploma. Ulikuja tukubariki.

Binti Kijichi
Siyo hivyo dada. Mbona kuna mtu mtaani kwetu alisoma hapo na sasa anavaa gauni la kinesi zahanati? Kwani lazima wote tuwe maofisa? Mimi nataka pa kuanzia tu.

Mama wa Zamu
Pa kuanzia papo, lakini siyo uuguzi. Kozi ya mwaka mmoja ni ya mhudumu wa afya. Ni kazi halali, nimefanya kazi na wahudumu walionifunza kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Ila mhudumu hana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwa sheria ya 2010 bila leseni hiyo hujiiti muuguzi wala huchomi mtu sindano. Na ukitaka kuendelea, cheti hicho hakikupeleki NTA 5. Utarudi mlangoni na F yako ile ile, umri umeongezeka.

Sasa chukua risiti uliyopewa. Juu kuna namba ya usajili? Vyuo vya afya namba zao huanza na REG/HAS. Niambie unaona nini.

Mzee Fununu
Wakuu, mbona mnahangaika? Hii ni chai. Mtu anauza duka la dawa tangu 2021. Duka la dawa muhimu mtoa dawa lazima awe amepata mafunzo na ana cheti. Huyu mafunzo hana, ndiyo kwanza anatafuta. Halafu kajiunga juzi. Nyuzi hizi nazijua, mwisho wake linatajwa jina la chuo na namba ya simu ya "kaka anayesaidia udahili". Dalali huyu.

Chumvi ya Mawe
Ina tangawizi hiyo chai.

Mwana Kimara
Kumbe! Na mimi nimemtaja hadi binamu.

Sindano Haiumi
Dalali gani anakisema chuo chake hakiangalii Fizikia na jina hakitaji?

Mzee Fununu
Dalali mjanja. Subiri inboksi.

Binti Kijichi
Mimi siyo dalali. Nimeandika nipo duka la dawa, sikuandika natoa dawa. Mwenye duka ndiye anatoa. Mimi nafagia, naandika daftari la madeni na kubadilisha chenji kwa muuza vocha. Wateja wakiniita nesi nilikuwa sikatai, hilo ndilo kosa langu. Na nimejiunga juzi kwa sababu shida yenyewe ni ya juzi.

Mama wa Zamu, risiti ni ya kitabu kile cha dukani chenye karatasi ya kaboni. Muhuri wa bluu, umeandikwa jina la chuo na Dar es Salaam. REG hakuna. Kuna TIN.

Karanga za Ubungo
TIN hata mimi na karanga zangu ninayo.

Mama wa Zamu
TIN inasema wanalipa kodi, haisemi wanafundisha. Fomu ya kujiunga nayo inasema cheti kinatolewa na nani?

Binti Kijichi
"Cheti kitatolewa na uongozi wa chuo."

Mama wa Zamu
Basi kabla ya kulipa laki tatu hizo, ingia tovuti ya NACTVET, orodha ya vyuo vya afya iko wazi. Kisichokuwemo, hakimo. Halafu sikiliza. Wewe unadaiwa D moja tu, ya Fizikia. NECTA, Baraza la Mitihani, wanasajili watahiniwa wa kujitegemea mwanzo wa mwaka, mtihani Novemba. Ukiipata, mlango wa cheti na wa diploma yote miwili inafunguka, na hapo ndipo swali lako la kwanza litakuwa na maana.

Dogo wa Tandika
Mimi nilireseti Kemia, namba yangu ya mtihani inaanza na P ya watahiniwa wa kujitegemea, na hakuna chuo kilichoniuliza kwa nini. Daftari za Fizikia ninazo, sura ya umeme imeliwa na panya lakini nyingine nzima. Nakupa bure.

Mzee Fununu
Dogo naye kaingia chaini.

Binti Kijichi
Asante Dogo. Lakini mwaka mzima nikae tu nasoma Fizikia, na sare ishashonwa?

Sindano Haiumi
Sare hailiwi na panya.

Mama wa Zamu
Na mama yako umwambie leo, kabla kikoba hakijavunjwa.

Binti Kijichi (siku nne baadaye)
Nimeangalia ile orodha mara tatu, hadi nikaandika jina kwa herufi kubwa. Hakimo. Mama nimemwambia, hajapiga kelele, amekaa tu anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Leo nimekwenda kudai hela. Mhasibu ni mpole sana, akanipa na soda. Amesema nirudi Jumatatu.

Karanga za Ubungo
Alisema Jumatatu ipi?